Vyama Vingi, Kazi Moja: Somo la Misitu na Mito ya Nyeri

Ziko methali mbili za Kiswahili ambazo, zikisikiwa mara ya kwanza, zaonekana kupingana. Moja yasema, Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyingine yasema, Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Zote mbili ni za kweli, na mtu yeyote aliyepata kukaa katika kamati ya maji, ya shule au ya kanisa azijua vizuri. Watu wakiwa wachache, kazi huwashinda. Wakiwa wengi, kila mmoja hutaka kushika usukani.

Somo hili laeleza jinsi vyama vya watu wa Nyeri na wa miji iliyouzunguka Mlima Kenya vilivyotafuta nguvu ya vidole vingi bila kukizamisha chombo. Mahali pengine vilifaulu, na mahali pengine vilikwama. Yote mawili yafaa kujulikana na kila mtu aliye katika chama, awe wa mjini au wa shamba.

Haja yenyewe

Mji wa Nyeri umekaa kati ya milima miwili mikubwa. Mashariki yake uko Mlima Kenya, na magharibi iko safu ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Maji ya nchi hiyo hutoka katika misitu ya milima hiyo. Mito ya Chania, Gura na Sagana huingia Tana, mto ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga na Kiambere kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Lakini Naro Moru, Burguret, Nanyuki na mito mingine ya upande wa pili huingia Ewaso Ng'iro, na kwenda zake mpaka Samburu na Isiolo, nchi ya wafugaji ambako mvua ni haba.

Basi mtu akikata miti huko juu, au akifungua mfereji mpya, yuko mtu mwingine mbali sana, asiyemjua kwa jina wala kwa sura, ambaye ng'ombe wake watakosa maji. Jambo refu namna hii haliwezi kutunzwa na chama kimoja. Akina mama wajua shida ya kuni, wakulima wajua mazao, wenye kulinda wanyama wajua njia za ndovu, na serikali ndiyo yenye sheria. Kila mmoja ameshika kipande tu.

Desturi ya zamani

Kusaidiana si jambo lililoletwa na wageni. Wakikuyu tangu zamani wana desturi ya ngwatio: majirani hukusanyika na kulilima shamba la mmoja wao, kesho la mwingine, mpaka wote wamekwisha kusaidiwa. Katika miaka ya 1960 wanawake wa nchi hiyo walitumia mpango huo huo kwa fedha. Kila mmoja alichanga kidogo, na fedha zilizopatikana zilinunua mabati ya kuezekea nyumba ya mwenzao mmoja. Kisha zamu ikaenda kwa mwingine. Faida haikuwa nyumba isiyovuja tu. Paa la nyasi halikusanyi maji safi, lakini paa la bati hukusanya, na mama aliyekuwa akipanda vilima na mtungi mgongoni aliweza kuteka mlangoni pake siku za mvua.

Katika ngwatio hakuna asiyejua zamu yake, na kazi iliyofanyika huonekana kwa macho. Mambo hayo mawili yafaa kukumbukwa katika habari zifuatazo.

Miti ya akina mama

Marehemu Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Katika miaka ya 1970 alikuwa akifanya kazi na Baraza la Taifa la Wanawake la Kenya, lililoundwa mwaka 1964 ili kuviunganisha vyama vingi vya wanawake. Katika mikutano ya Baraza hilo wanawake wa mashambani walitaja haja zao wazi: kuni zimekuwa mbali, maji safi ni haba, na watoto hawapati chakula cha kutosha kuwajenga mwili. Yeye akaona ya kuwa shida hizo zote zina mzizi mmoja, yaani kukatwa kwa miti. Tarehe 5 Juni 1977 Baraza lilipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement.

Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Idara ya Misitu iliahidi kutoa miche bila malipo, lakini haukupita muda mrefu maombi yakawa mengi kuliko ilivyotazamiwa, na ahadi ile ikashindikana. Mabwana misitu walikuja kuwafundisha akina mama, lakini mafundisho yao yalikuwa ya kitaalamu mno. Ndipo wanawake walipoamua kuifanya kazi kwa akili zao wenyewe. Walikuwa wakulima tangu utoto. Walijua kutunza mbegu, na walijua udongo wa kwao. Wakaokota mbegu misituni, wakatengeneza vitalu karibu na nyumba zao, na kikundi kilichokwisha jifunza kikakifundisha kikundi cha jirani.

Mpango wa malipo wastahili kuangaliwa kwa makini. Kikundi kilipewa fedha kidogo sana kwa kila mche, lakini haukulipiwa mpaka uwe umepandwa na umeshika. Mche uliokufa haukuhesabiwa. Kwa hiyo haikuwa na maana kujisifu kwa maelfu ya miche iliyotolewa siku ya sherehe. Ilikuwa lazima mtu arudi baada ya miezi kadhaa na kutazama. Shule, makanisa na wenye mashamba waliopewa miche waliulizwa habari zake. Kwa hesabu ya chama chenyewe, miti iliyopandwa tangu wakati huo imepita milioni 50. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Nishani ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011.

Umoja ulipovunjika

Haifai kudhani ya kuwa vyama hivyo vilikaa kwa amani siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palitokea ugomvi juu ya uongozi wa Baraza la Wanawake. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kikubwa kuliko vyote, kilijitoa, na Baraza likabaki karibu mikono mitupu. Baadaye, mwaka 1987, Green Belt Movement nayo ilitengana na Baraza. Mwaka 1989, baada ya kupinga jengo refu lililotaka kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, ilitolewa katika ofisi zake za serikali mjini Nairobi.

Kwa nini kazi haikufa? Misaada ya Chama cha Misitu cha Norway na ya mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa ilifaa sana. Lakini iko sababu nyingine. Vitalu havikuwa ofisini. Vilikuwa vijijini, mikononi mwa akina mama, wala hakuna barua ya kutoka mjini iliyoweza kuvifunga. Viongozi wakigombana huko juu, mche huendelea kumwagiwa maji na yule aliyeupanda, maadamu ni wake.

Ua wa Aberdare

Habari ya pili ni ya ua wa umeme unaoizunguka milima ya Aberdare. Chama cha Rhino Ark kiliundwa mwaka 1988 ili kuwalinda vifaru, ambao majangili walikuwa karibu kuwamaliza. Nia ya kwanza ilikuwa kuweka ua katika sehemu ndogo tu, ile ya Salient iliyo upande wa Nyeri. Lakini wakulima walioishi ukingoni mwa msitu walikuwa na shida yao wenyewe: ndovu na nyati walishuka usiku na kumaliza mahindi na viazi vya mwaka mzima. Walipoona ya kuwa ua ule unawazuia wanyama, walitaka uendelee mpaka kwao.

Hapo chama kingeweza kujibu ya kuwa fedha zilichangwa kwa ajili ya vifaru, si kwa ajili ya viazi. Hakikufanya hivyo. Kazi iliyoanza mwaka 1989 iliendelea kwa miaka 20, pamoja na serikali, wenye mashamba na wahisani wengi, mpaka ua ukaizunguka milima yote mwaka 2009, urefu wa kilomita 400 hivi. Haja mbili zilizokuwa mbalimbali zilikutana katika waya mmoja.

Baadaye kazi ya namna hiyo ilianzishwa katika Mlima Kenya. Huko ilionekana pia ya kuwa ua peke yake hautoshi, kwa kuwa ndovu wana njia zao za tangu zamani. Basi karibu na Timau, wenye mashamba makubwa ya Kisima na Marania walitoa ardhi, vyama vya kuhifadhi wanyama vikatafuta fedha, na ikatengenezwa njia ya kilomita 14 hivi kati ya mlima na msitu wa Ngare Ndare, pamoja na kipito chini ya barabara kuu. Ndovu walianza kupita hapo mwanzoni mwa mwaka 2011.

Mto mmoja, mifereji mingi

Habari ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, maana ni ya kugawana kitu kisichotosha. Nchi ya Kieni, pamoja na sehemu za Naro Moru na Nanyuki, ni kavu ingawa iko chini ya mlima wenye barafu. Watu wa huko walijiunga katika miradi ya maji, wakachanga fedha, wakachimba mitaro na kulaza mabomba toka mtoni. Kila mradi ulikuwa mfano mwema wa kujitegemea. Lakini mradi mmoja ulipofuatwa na wa pili, na wa tatu, na mashamba makubwa ya maua na mboga, mto ulianza kukauka wakati wa kiangazi kabla ya kuwafikia watu wa chini. Kila chama kilifanya vema peke yake, na vyote pamoja viliumaliza mto.

Dawa iliyopatikana ni vyama vya watumiaji wa maji ya mto mmoja, ambavyo Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilivipa nafasi yake. Katika chama hicho huketi pamoja watu wa juu, wa kati na wa chini: miradi ya vijiji, wenye mashamba makubwa na wafugaji. Kiangazi kikiwa kikali, hupanga zamu. Leo bomba hili hufungwa, kesho lile, ili maji yapate kushuka. Sheria yataka pia fungu fulani libaki mtoni kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Tena mwenye kumwagilia shamba hutakiwa kujenga hifadhi ya maji ya mafuriko ya kutosha siku 90, ili siku za ukame asiunyonye mto.

Mashindano hayajakwisha. Wako wanaofungua mabomba usiku, na miji yazidi kukua. Lakini watu waliozoea kulaumiana wakiwa mbali sasa wana mahali pa kukutana, na yule wa chini ana kiti katika mkutano.

Mambo ya kushika

1. Haja itajwe na wenye haja. Kuni zilitajwa na akina mama, na ua mrefu ulitakwa na wakulima. Chama kinachokuja na dawa kabla ya kuuliza ugonjwa hupoteza fedha na heshima.

2. Kila chama kishike kazi kinachoiweza. Mwenye ardhi atoe ardhi, mwenye fedha atoe fedha, na mwenye mikono atoe mikono. Manahodha huwa wengi pale ambapo kazi hazikugawanywa.

3. Ipimwe kazi iliyodumu. Hesabu ya miche iliyoshika, na ya maji yaliyofika chini, ni bora kuliko hesabu ya mikutano.

4. Mali ya kazi ikae karibu na watu. Kitalu kilicho kijijini hakifi kwa ugomvi wa ofisini.

5. Yule aliye mwisho wa mto apewe nafasi ya kusema. Yeye ndiye wa kwanza kujua kama ushirikiano ni wa kweli au ni wa maneno.

Maswali ya kuzungumza katika chama

1. Katika mtaa au kijiji chenu viko vyama vingapi vinavyoshughulikia haja moja? Je, viongozi wao hukutana?

2. Taja kazi moja iliyoanzishwa kwa sherehe kisha ikafa. Ilikuwa mali ya nani?

3. Chama chenu kikifaulu katika kazi yake, ni nani aliye mbali atakayepata faida, na ni nani atakayepata hasara?

4. Maji yakiwa haba mwaka huu, ni nani atakayefunga bomba lake kwanza, na ni nani atakayeangalia ya kuwa amelifunga?