Utunzaji wa Kichwa Baada ya Upandikizaji wa Nywele: Siku Kumi za Kulinda, Mwaka wa Kusubiri

Utangulizi

Upandikizaji wa nywele ni upasuaji unaohamisha mashina ya nywele kutoka sehemu ya kichwa yenye nywele imara, kwa kawaida kisogoni, na kuyapanda mahali palipopata upara. Hufanyika kwa ganzi ya ngozini, mgonjwa akiwa macho, na mara nyingi mgonjwa huondoka siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya tiba hii haifanyiki katika chumba cha upasuaji. Hufanyika nyumbani, kitandani na bafuni, mikononi mwa mgonjwa mwenyewe.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wasomaji wetu. Watu wengi duniani husafiri hadi Istanbul, Uturuki, kufanyiwa upasuaji huu, na wamo miongoni mwao wakazi wa Afrika Mashariki. Mgonjwa hukaa huko siku chache, huoshwa kichwa mara moja au mbili, kisha hupanda ndege kurejea kwao. Anayefika Dar es Salaam au Mombasa siku ya nne bado yumo katika kipindi ambacho vipandikizi vyaweza kung'oka kwa kusuguliwa tu. Aliyempasua yuko mbali. Uvimbe utakapomshukia machoni usiku, atakayebishiwa hodi ni mhudumu wa zahanati au kituo cha afya kilicho jirani.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wawili hao, mgonjwa na mhudumu. Hoja yake kuu ni moja: katika siku kumi za kwanza kichwa kinahitaji ulinzi mkali, na katika miezi inayofuata kinahitaji subira. Wagonjwa wengi hupindua utaratibu huo. Hulegeza ulinzi mapema kwa kuwa hawasikii maumivu, kisha huingiwa na hofu baadaye nywele zinapodondoka, wakati ambapo hakuna kilichoharibika.

Kinachotokea chini ya ngozi

Kipandikizi kimoja ni kipande kidogo cha ngozi chenye shina moja hadi manne ya nywele. Kinapotolewa hukatwa kutoka kwenye mishipa yake ya damu, na kinapopandwa hakina mishipa yoyote ya kukilisha. Katika siku mbili tatu za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji yanayotoka katika nyama inayokizunguka. Baada ya hapo mishipa midogo huanza kukifikia, na ngozi hukikamata polepole.

Mwaka 2006 madaktari Robert Bernstein na William Rassman wa Marekani walichapisha utafiti uliopima jambo hili kwa kuvuta nywele na vigaga siku baada ya siku. Walibaini kwamba kubandua kigaga kilichoshika kunaweza kung'oa kipandikizi katika siku tano za mwanzo, na kwamba ilipofika siku ya tisa vipandikizi havikuwa tena katika hatari ya kung'oka. Hapo ndipo ulipo msingi wa kanuni ya siku kumi.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba shina la nywele huhama na tabia zake. Norman Orentreich wa New York alilieleza hili mwaka 1959: nywele za kisogoni zilizopandwa utosini huendelea kuishi kama nywele za kisogoni. Ndiyo maana nywele zilizopandikizwa hudumu. Lakini nywele za asili zilizobaki kando yake huendelea kupungua kwa ugonjwa uleule uliokuwapo, isipokuwa mgonjwa atumie dawa za kuuzuia. Upasuaji huhamisha nywele, hauponyi upara.

Siku kumi za kwanza

Kulala. Mgonjwa alale chali, kichwa na mabega vikiwa vimeinuliwa kwa mito miwili au mitatu, kwa usiku tano hadi saba. Chandarua kitundikwe mbali na kichwa ili kisiguse eneo lililopandwa.

Uvimbe. Maji yanayodungwa kichwani wakati wa upasuaji hushuka kwa uzito wake. Kati ya siku ya pili na ya tano paji la uso laweza kuvimba, na uvimbe ukashukia kwenye kope za macho yote mawili. Uvimbe huu hauna homa wala maumivu makali, na huisha wenyewe ndani ya siku chache. Kitambaa baridi kiwekwe juu ya nyusi na pembeni mwa macho, kisiwekwe kamwe juu ya vipandikizi.

Kuinama. Mgonjwa asiinamishe kichwa chini ya usawa wa moyo. Kwa Mwislamu aliyepandikizwa nywele sehemu ya mbele, sujudu huongeza uvimbe na huigusisha ngozi changa na sakafu. Mgonjwa huruhusiwa kuswali kwa ishara, na mhudumu amkumbushe hilo kwa heshima kabla hajaliuliza, kwa kuwa wengi huona haya kuuliza.

Vitu vya kichwani. Helmeti, kofia inayobana, kilemba na hijabu iliyokazwa viepukwe. Kwa hiyo bodaboda isipandwe kwa wiki mbili, kwani kupanda bila helmeti ni hatari nyingine. Ndoo ya maji, kuni au mzigo wowote usibebwe kichwani kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Wapo wanaume wanaovaa kofia ya kubana ili majirani wasijue. Kofia hiyo yaweza kuwapotezea kile walichokigharamia. Ni heri kofia pana iliyolegea, au kukaa nyumbani wiki moja.

Kuosha. Kwa kawaida kuosha huanza siku ya pili au ya tatu, kwa kufuata maelekezo ya daktari aliyepasua. Maji yawe safi na ya uvuguvugu, yamiminwe taratibu kwa kikombe. Bomba la mvua lenye nguvu lisitumike. Shampuu laini ipakwe kama povu, iachwe dakika chache, kisha isuuzwe. Ngozi isisuguliwe kwa taulo. Kucha zisiguse vigaga. Kuanzia siku ya kumi, ncha za vidole zaweza kuvizungusha kwa wepesi kila wakati wa kuosha, hadi vyote vitoke kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne.

Dawa na mazoea. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kawaida hutosha. Asipirini isinywewe kwa ajili ya maumivu haya, kwa kuwa huongeza kutoka damu. Lakini mgonjwa anayeitumia kwa ajili ya moyo asiiache bila ushauri wa daktari wake. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na kipandikizi kisicho na damu hufa. Aache kabisa, angalau kwa wiki mbili baada ya upasuaji. Habat soda, kitunguu, mafuta na dawa nyingine za kienyeji zisipakwe kwenye jeraha.

Kazi. Kutembea kunaruhusiwa. Mazoezi mazito na kunyanyua mizigo kusubiri wiki mbili. Aliyekatwa ukanda wa ngozi kisogoni na kushonwa asubiri mwezi mmoja au zaidi, ili kovu lisitanuke. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Kuogelea baharini au kwenye bwawa kungoje mwezi mmoja.

Miezi ya kusubiri

Kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele nyingi zilizopandikizwa hudondoka. Hili ndilo jambo linalowatia wagonjwa majonzi kuliko yote, na ndilo lenye hatari ndogo kuliko yote. Shina lililoshtuliwa na upasuaji huingia katika mapumziko na kuuachia unywele wake, huku lenyewe likibaki salama ndani ya ngozi. Kijidonge cheupe kinachoonekana kwenye ncha ya unywele uliodondoka si shina lililopotea. Kipimo rahisi ni damu: kipandikizi kinachong'oka katika siku za mwanzo huacha tone la damu, lakini unywele unaodondoka wiki ya nne hauachi damu.

Hata nywele za asili zilizokuwa jirani zaweza kupukutika kwa muda, na nyingi kati yake hurejea. Ganzi kisogoni au utosini huweza kudumu miezi kadhaa. Vipele vidogo huweza kutokea nywele mpya zinapotafuta njia ya kutoka. Vikiwa vichache, kitambaa cha uvuguvugu hutosha.

Nywele mpya huanza kuonekana mwezi wa tatu au wa nne, zikiwa nyembamba. Mabadiliko ya wazi huja karibu mwezi wa sita, na matokeo hupimwa baada ya miezi kumi na miwili. Utosi waweza kuhitaji miezi kumi na minane. Mgonjwa apigwe picha kila mwezi mahali pamoja na penye mwanga uleule, maana kioo cha kila siku hakionyeshi maendeleo ya polepole.

Daktari aweza kushauri minoksidili ya kupaka au, kwa wanaume, finasteridi miligramu 1 kwa siku. Finasteridi isitumiwe na mwanamke mjamzito au anayeweza kupata mimba. Mhudumu akumbuke pia kwamba dawa hii hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, yaani PSA, kwa takribani nusu, hivyo daktari anayesoma kipimo hicho aelezwe.

Ngozi nyeusi na nywele za kujisokota

Maelekezo mengi ambayo mgonjwa hurudi nayo kutoka ughaibuni hayakuandikwa kwa ajili ya ngozi yake. Mambo matatu yaongezwe.

Kwanza, keloidi. Watu wenye asili ya Afrika hupata makovu ya kuvimba zaidi kuliko wengine. Yeyote aliyewahi kupata keloidi sikioni, kifuani au kisogoni alipaswa kuulizwa kabla ya upasuaji. Keloidi haionekani wiki ya kwanza. Hujitokeza miezi kadhaa baadaye, kwa kuwasha na ugumu. Ikigunduliwa mapema, sindano za triamsinoloni ndani ya kovu husaidia. Kwa hiyo kisogo kikaguliwe mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili.

Pili, wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu wa uambukizo hauonekani kwa urahisi. Mhudumu atumie mkono wake: joto, ugumu na maumivu yanapoguswa humweleza zaidi ya rangi.

Tatu, kusuka. Wanawake wengi hupoteza nywele za mapanja kwa miaka mingi ya kuvutwa na misuko ya kubana. Nywele zilizopandikizwa hazina kinga dhidi ya mvuto huo. Kusuka, rasta na dawa za kulainisha nywele viepukwe kwa miezi isiyopungua mitatu, na msuko wa kubana mapanja uachwe moja kwa moja. Kama upara ulitokana na ugonjwa unaoacha makovu utosini, kuwasha au maumivu mapya kwaweza kuashiria kwamba ugonjwa umeamka, na mgonjwa aonwe na daktari bingwa wa ngozi.

Dalili za hatari

Mgonjwa afike kituoni bila kuchelewa akiona mojawapo ya haya:

- maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua;
- usaha, harufu mbaya au homa;
- damu isiyokoma baada ya kubonyezwa dakika 15;
- ngozi iliyopandwa kugeuka kijivu au nyeusi, au kigaga kimoja kikubwa, kigumu na cheusi;
- uvimbe wa jicho moja wenye maumivu, au jicho kushindwa kuona au kusogea vizuri;
- kupumua kwa shida au vipele mwili mzima baada ya kumeza dawa.

Kuhusu homa, mhudumu apime malaria kama kawaida, lakini kipimo kikionyesha malaria asiache kukagua kichwa. Kuhusu ngozi nyeusi iliyokufa, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari, kigaga kisibanduliwe kwa nguvu. Kifunikwe kwa usafi, na mgonjwa apewe rufaa. Kwa uambukizo, antibayotiki itolewe kwa kufuata mwongozo wa taifa wa matibabu, na sampuli ya usaha ichukuliwe panapowezekana.

Mgonjwa naye aje na karatasi inayoeleza tarehe ya upasuaji, njia iliyotumika, idadi ya vipandikizi na dawa alizopewa. Aidai karatasi hiyo kabla ya kuondoka hospitalini.

Liko jambo la mwisho, nalo halihitaji vifaa. Mgonjwa huyu mara nyingi huja kwa aibu. Akipokewa kwa kicheko au kwa maneno ya "ulijitakia mwenyewe", atarudi nyumbani na kidonda chake, na mara ya pili atakuja akiwa amechelewa. Jeraha halina habari na sababu iliyompeleka mtu kupasuliwa. Huduma nayo isiibague.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa wa siku ya tatu ana uvimbe wa kope zote mbili, hana homa wala maumivu. Ufanye nini? Jibu: mtulize, ainue kichwa anapolala, mpe maelekezo ya dalili za hatari, na umwone tena baada ya siku mbili.

2. Mgonjwa wa wiki ya tano analia kwamba nywele zote zilizopandwa zimedondoka. Ngozi ni safi. Ufanye nini? Jibu: mweleze kwamba mashina yamepumzika, na mpangie miadi ya mwezi wa nne. Hakuna dawa mpya inayohitajika.

3. Mgonjwa wa siku ya sita, mvutaji sigara, ana sehemu nyeusi iliyo ngumu katikati ya eneo lililopandwa, na maumivu yanaongezeka. Ufanye nini? Jibu: usibandue kitu, aache sigara leo, na apewe rufaa siku hiyohiyo.