Mume na Mke Wakipigana, Polisi Humshika Nani?

Ndugu wanavikundi, katika mikutano yetu tumeulizwa: "Mume alinikaba koo, nikamuuma mkono. Mbona askari alitushika sote wawili?" Tujifunze pamoja.

Sheria humruhusu askari kumshika mtu bila hati ya mahakama akiwa na sababu ya kutosha kuamini kwamba amemjeruhi mwenzake. Sababu hiyo huitafuta kwa macho na masikio: vidonda, nguo iliyoraruka, mlango uliovunjwa, maneno ya majirani.

Taabu huja wote wawili wakiwa na alama. Askari mwenye haraka huwaweka wote ndani, ama huwaambia mambo ya nyumbani wakayamalize nyumbani. Askari makini huuliza: Nani alianza? Nani alikuwa akijikinga? Nani anaogopa kurudi? Mwenye kuuma mkono unaomkaba alikuwa akijiokoa, na sheria ya Kenya inakubali mtu kujikinga kwa kiasi cha hatari iliyompata.

Lakini askari hakuwepo. Sisi ndio wa kumweleza. Basi tukumbuke haya:

1. Piga ripoti mapema. Hakikisha imeandikwa katika OB, na uchukue namba yake. Kama stesheni ina dawati la jinsia, uliza hapo.

2. Eleza mambo yalivyofuatana, hata lile ulilofanya wewe. Ukificha kwamba uliuma, alama ya meno itakusema, na hata ukweli wako hautaaminika.

3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Fomu ya P3 ikishajazwa na daktari, huwa ushahidi kortini.

4. Jirani aliyesikia kilio akubali kuandikisha taarifa. Akinyamaza, askari hubaki na maneno ya watu wawili tu.

Tena, Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Jeuri ya Nyumbani ya mwaka 2015 inamlinda mke na mume pia. Korti yaweza kutoa amri ya ulinzi, na mwenye kuivunja atakuwa ametenda kosa.

Kushikwa si kuhukumiwa. Hata hivyo, usiku mmoja wa mama asiye na hatia korokoroni ni usiku wa watoto bila mlezi. Tusiache jambo hilo litokee kwa sababu ya kimya chetu.

Maswali ya kujadiliana:
- Tukisikia kilio usiku, sisi hufanya nini?
- Nani kati yetu atamsindikiza aliyeumia hadi stesheni na hospitali?