Amber siyo harufu moja: soma hii kabla hujaagiza mzigo

Leo tuongelee neno linalouza kuliko hata chupa yenyewe: AMBER.

Mteja anakuja inbox, "Kaka, nataka ile amber." Ukimjibu haraka haraka "ipo, elfu thelathini na tano", umeshajitega. Hujajua anataka nini, na mara nyingi na yeye hajui. Mzigo unafika, ananusa, anasema siyo hii. Hela ya bodaboda imeenda, chupa imeshafunguliwa, huwezi tena kuiuza kama mpya. Kwa mtaji wetu huu wa kuungaunga, chupa mbili tatu za hivyo ndo faida ya wiki nzima.

Sasa tuanze na neno lenyewe. Kuna kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale sana uliogeuka kama jiwe, rangi ya asali, wanaotengenezea shanga na tasbihi. Huo kwa kawaida hautiwi kwenye manukato. Halafu kuna ambari, inayotoka tumboni mwa nyangumi yule wa kichwa kikubwa anayekula ngisi. Inaelea baharini miaka na miaka mpaka itupwe ufukweni. Pwani yetu hii ilikuwa inawauzia Waarabu ambari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Neno la Kiarabu, anbar, ndo limezaa ambari yetu na hiyo amber ya Wazungu, ila wao wakalibandika jina hilohilo na kaharabu. Mkanganyiko wote ulianzia hapo.

Amber iliyoandikwa kwenye chupa zetu kwa kawaida siyo kaharabu wala ambari. Ni mchanganyiko. Msingi wake ni labdanamu (utomvu wa kichaka kinachoota nchi za Mediterania), benzoini (utomvu wa mti, unatoka sana Laos na Sumatra) na vanila. Mwaka 1874 Wajerumani walifanikiwa kutengeneza vanilini maabara, na baadaye manukato matamu ya aina hii yakashika kasi. Shalimar ya Guerlain, iliyotoka Paris mwaka 1925, bado inauzwa mpaka leo na ndo inatajwa kama mama wa familia hii. Kwa hiyo tafadhali, usiandike kwenye kapsheni "amber halisi ya nyangumi" kwa chupa ya elfu thelathini. Mteja anayejua atakucheka, na asiyejua umemdanganya.

Kuna mambo mengine mawili yanayochanganya watu wakisoma maelezo ya bidhaa mtandaoni. Familia nzima ya manukato mazito na matamu zamani iliitwa "oriental". Mwaka 2021 Michael Edwards, yule anayepanga manukato kwa familia, akaibadilisha kuwa "amber". Kwa hiyo ukiona chupa imewekwa kundi la amber, inaweza kuwa inanukia viungo au maua matamu, siyo lazima uisikie ile resini. La pili ni ambroxan, kemikali inayoiga ambari. Ipo kwa wingi kwenye Sauvage ya Dior ya 2015. Hiyo ni kavu, safi, ina kachumvi fulani. Anayependa hiyo ukimpelekea amber ya vanila, umemuuzia keki mtu aliyetaka upepo wa bahari.

Mfano mzuri upo hapahapa sokoni. Al Haramain wana mfululizo wa Amber Oud. Gold Edition ni matunda matamu matupu. Rouge inakwenda kwenye zafarani na sukari ya kuungua. Tobacco Edition ni tumbaku na vanila. Zote zimeandikwa Amber Oud! Mteja akikutajia jina bila toleo, mwombe picha ya chupa. Usikisie.

Asipokuwa na picha, mimi namuuliza hivi: "Unataka tamu kama vanila, ya moshi kama udi, au safi kama umetoka kuoga?" Watu wanajibu hilo vizuri kuliko ukiwauliza mambo ya noti. Halafu namuuliza ataivaa wapi. Mtu wa Dar anayepanda mwendokasi mchana, amber nzito ya vanila itamchosha yeye na jirani yake. Namwambia abaki nayo kwa jioni na harusi, apulize mara mbili tu.

Ukienda Kariakoo kuchukua mzigo, usinunue kwa kunusa kikaratasi dakika moja. Kinachokupokea mwanzo ni limau na matunda, na hivyo vinaruka upesi. Vanila na resini ni nzito, zinabaki nyuma. Puliza mkononi saa tatu asubuhi, zunguka, fanya mambo yako, nusa tena saa tisa. Harufu ya saa tisa ndo mteja wako atakayoishi nayo. Kama huna uhakika, chukua chupa moja tu ya ml 100 uiuze ya kupima. Ukigawa ml 5 hesabu 18, siyo 20, kuna inayobaki kwenye sirinji na ya kuonjesha.

Na hili la rangi limeshaleta ugomvi mwingi. Vanilini inageuka kahawia kadiri muda unavyokwenda. Chupa iliyokuwa njano ikawa kama chai haina maana ni feki au imeharibika. Mweleze mteja kabla hajanunua, maana akigundua mwenyewe atajua umempiga. Weka mzigo mbali na jua, hata kama chupa zinapendeza zikipangwa dirishani. Na anayenunua kwa ajili ya kanzu nyeupe au shela mwambie apulize kwenye ngozi, aache ikauke, ndo avae. Hasa zile za mafuta za tola: doa lake kwenye nguo nyeupe halitoki kirahisi, na simu ya kwanza itapigwa kwako.