Kutu ya Maji ya Kisima: Kitu Kidogo Kinachobadilisha Kazi ya Chujio



Wengi wetu tunaotumia visima virefu tunaijua hali hii. Maji hutoka kwenye pampu yakiwa maangavu, lakini yakikaa kwenye ndoo hugeuka rangi ya udongo. Nguo nyeupe huchafuka, chai huwa nyeusi, na mwishowe akina mama hurudi mtoni ingawa kisima kilichogharimu fedha nyingi kipo. Katika somo hili tutaona kwa nini chujio la mchanga huondoa kutu katika kijiji kimoja na kushindwa katika kingine.

Kutu hutoka wapi?

Chini ya ardhi, pasipo hewa, chuma huyeyuka katika maji na hakionekani. Maji yakipata hewa, chuma huungana na oksijeni na kuwa oksidi ya chuma, yaani kutu. Mwanzoni kutu hiyo huwa chembe ndogo sana. Kusipokuwa na kizuizi, chembe hushikamana, huwa mabonge na kutuama. Mabonge hayo mchanga huyakamata kwa urahisi.

Vitu vidogo vinavyoingilia

Maji ya ardhini hayana chuma peke yake. Mna pia fosfeti, itokayo kwenye miamba, mbolea na vinyesi, na silika itokayo kwenye mawe. Fosfeti kidogo tu, hata miligramu chache kwa lita, hujibandika juu ya chembe changa ya kutu na kuizuia isikue wala kujipanga vizuri kama fuwele. Silika nayo huzuia hivyo hivyo. Matokeo yake ni chembe ndogo zaidi, zinazoelea na kupenya kwenye mchanga. Kalisi, iliyo nyingi katika maji magumu, husaidia chembe kushikamana tena.

Udogo una faida pia

Muhogo mzima una ngozi ndogo. Ukisagwa kuwa unga, eneo la nje huongezeka mno. Ndivyo ilivyo kwa kutu. Gramu moja ya kutu changa inaweza kuwa na eneo la zaidi ya mita za mraba 200, na juu ya eneo hilo sumu kama aseniki hunaswa. Shirika la Afya Duniani linashauri aseniki katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita.

Karibu na Hanoi, nchini Vietnam, maji ya visima yana chuma kingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba machujio ya mchanga ya nyumbani huko yaliondoa wastani wa asilimia 80 ya aseniki. Nchini Bangladesh, ambako tatizo la aseniki lilifahamika katika miaka ya 1990, visima vingi vina fosfeti nyingi. Fosfeti hufanana na aseniki kwa umbo, hivyo huwahi nafasi juu ya kutu, na aseniki hubaki majini. Kwa hiyo chujio lililofaa Hanoi haliwezi kunakiliwa tu mahali pengine. Hapa kwetu pia, aseniki imepatikana katika maji ya baadhi ya maeneo yenye dhahabu, kama Geita.

Kamati ya maji ifanye nini?

1. Kabla ya kujenga chujio, pelekeni sampuli maabara. Ombeni wapime chuma, fosfeti, silika na ugumu wa maji. Penye migodi, aseniki pia.

2. Jazeni maji mapya ya kisima nusu ya chupa safi inayopitisha mwanga, tikiseni sana, kisha iacheni hadi kesho yake. Kutu ikituama, mchanga huenda ukatosha. Maji yakibaki na ukungu wa manjano, chembe ni ndogo mno. Tafuteni ushauri wa mhandisi wa maji kabla ya kutumia fedha.

3. Msidhani maji maangavu ni salama. Aseniki haina rangi wala ladha. Pimeni tena baada ya chujio kuanza kazi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Maji ya kisima chetu hubadilika rangi baada ya muda gani?
2. Je, vyoo, mazizi au mashamba yenye mbolea yako karibu na kisima?
3. Mara ya mwisho maji yetu yalipimwa lini, na majibu anayo nani?