Masomo ya Mtandaoni: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa Karo

Vyuo vingi nchini sasa hutoa maelezo ya somo, vitabu na kazi za ziada kupitia mtandao. Vingine hufundisha kozi nzima kwa njia hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati rasmi Agosti 3, 2023, kiliundwa kwa ajili ya mafunzo ya mtandaoni. Kwa mkazi wa Misikhu na vijiji vinavyopakana na barabara ya Webuye–Kitale, huu ni mlango mpya. Mama anayeuza sokoni, mwalimu wa chekechea au kijana wa bodaboda anaweza kusomea stashahada au shahada bila kukodi chumba mbali na nyumbani.

Hata hivyo, karo ikishalipwa ni vigumu kuirudisha. Mzazi aliyeuza magunia ya mahindi ili kumlipia mtoto anapaswa kujua mapema kama masomo yatamfikia mtoto huyo pale alipo, kwa simu aliyo nayo. Mwanafunzi anaweza kuacha kozi hata kama kichwa chake ni chepesi, kwa sababu tu bando lilikwisha katikati ya muhula. Somo la toleo hili linaeleza namna ya kupima kozi ya mtandaoni kabla ya kulipa, na namna ya kutumia nyenzo zake kwa gharama ndogo.

Kusoma ukiwa mbali si jambo geni

Tangu miaka ya 1960 walimu wa shule za msingi nchini walisoma wakiwa kazini kwa njia ya posta na redio, chini ya kitengo kilichokuwa Kikuyu katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Vitabu vya mazoezi vilifika kwa sanduku la posta, somo likasikika redioni, na majibu yakarudishwa kwa barua. Karatasi ikishafika nyumbani, ilikuwa ya mwanafunzi. Aliisoma usiku kwa taa ya mafuta na kuirudia mara kumi bila kulipa tena.

Eneo letu linaijua karatasi vizuri. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza uzalishaji katika miaka ya 1970 na kikasimama mwaka 2009, na familia nyingi zilikitegemea. Leo karatasi inaipisha simu, lakini ile sifa ya zamani bado ndiyo kipimo kizuri: je, somo likishamfikia mwanafunzi, linabaki naye?

Mwaka 2020 shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Waliokuwa na simu nzuri, stima na bando waliendelea. Wasiokuwa navyo walisubiri. Tofauti hiyo ndiyo tunayopaswa kuiziba.

Aina tatu za nyenzo na uzito wake

Nyenzo za kidijitali hazilingani. Kuna maandishi, kuna sauti, na kuna video. Kila moja ina uzito wake, na uzito huo ndio unaokula bando. Uzito hupimwa kwa MB. MB zipatazo 1,000 ni sawa na GB 1.

Maandishi yaliyochapwa kwenye tarakilishi ndiyo mepesi zaidi. Kurasa 30 zisizo na picha mara nyingi hazizidi MB 1. Lakini kurasa hizo zikipigwa picha moja moja na kutumwa, zinaweza kufika MB 30 au zaidi. Saa moja ya sauti ya kawaida huchukua takriban MB 30. Saa moja ya video ya ubora wa wastani inaweza kuchukua takriban MB 500, na darasa la moja kwa moja ambalo kila mtu amewasha kamera huweza kupita hapo.

Sasa tupige hesabu. Chukua mwanafunzi mwenye masomo matano, kila somo saa mbili kwa wiki, kwa wiki 12. Hizo ni saa 120.

Akifundishwa kwa video pekee, atahitaji takriban GB 60 kwa muhula.
Akifundishwa kwa sauti, atahitaji takriban GB 3.6.
Akipewa maandishi ya kurasa 30 kwa kila somo kila wiki, atahitaji takriban MB 60.

Zidisha kiasi hicho kwa bei ya bando unayonunua, kisha ulinganishe na nauli ya matatu hadi Bungoma au Kitale. Huenda ukagundua kwamba kozi iliyoonekana rahisi kwa sababu haina nauli inakula pesa zaidi kupitia simu. Huenda pia ukagundua kwamba kozi iliyopangwa vizuri, yenye maandishi mengi na video chache fupi, inakufaa kabisa.

Maswali matano ya kuuliza chuo

Yaulize maswali haya kwa simu au ukifika chuoni, na uandike majibu.

Kwanza, je, chuo na kozi vimeidhinishwa? Vyuo vikuu na kozi zake husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya kiufundi husajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, yaani TVETA. Kozi za afya na taaluma nyingine huhitaji pia idhini ya baraza la taaluma husika. Uliza hasa kama idhini inahusu kozi ikifundishwa mtandaoni. Usitume karo kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kama afisa wa chuo.

Pili, je, ninaweza kupakua nyenzo na kuzisoma bila mtandao? Hili ndilo swali kubwa. Kuna kozi ambazo video hufunguka ukiwa mtandaoni tu, na ukitaka kurudia somo unalipa bando upya. Kuna nyingine ambazo unapakua faili mara moja na linabaki kwenye simu yako.

Tatu, je, kozi inafunguka kwenye simu ya kawaida? Baadhi ya kazi, hasa za uhasibu, uchoraji wa ramani za nyumba na uandishi wa programu, zinahitaji tarakilishi. Ni heri ujue kabla ya kujisajili kuliko kuambiwa wiki ya tatu.

Nne, mtandao au stima ikikatika siku ya kuwasilisha kazi, utaratibu ni upi? Chuo makini huwa na jibu tayari: siku za ziada, nambari ya kupiga, au ruhusa ya kuwasilisha kwa njia nyingine. Ukijibiwa kwamba hilo halijawahi kutokea, jihadhari.

Tano, sehemu ya vitendo itafanyika wapi? Hakuna anayejifunza kuchomelea vyuma, kufunga nyaya za stima au kumhudumia mgonjwa kwa kutazama kioo cha simu peke yake. Uliza karakana au hospitali ya mazoezi iko wapi, na nauli ya kufika huko uiingize kwenye hesabu yako.

Namna ya kupunguza gharama

Pakua faili kubwa mahali penye mtandao wa bure au wa bei nafuu, kwa mfano chuoni siku unapokwenda. Weka nyenzo zote za wiki kwenye memori kadi, kisha uzisome nyumbani data ikiwa imezimwa.

Undeni kikundi. Wanafunzi watano wa kozi moja wanaoishi Misikhu hawana haja ya kupakua faili moja mara tano. Mmoja apakue, kisha awarushie wenzake kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Kufanya hivyo hakuli bando. Kikundi pia humsaidia anayebaki nyuma, kwa sababu upweke huwakatisha wengi tamaa.

Faili lipe jina linaloeleweka: somo, wiki na tarehe. Weka nakala ya pili kwenye flashi au barua pepe. Hili ni muhimu zaidi kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi walio kwenye mfumo wa umahiri, kwa kuwa hutakiwa kuweka jalada la ushahidi wa kazi walizofanya. Simu ikiibwa au kuanguka majini na jalada ulikuwa nalo hapo tu, kazi ya muhula mzima imekwenda.

Usiache kalamu. Kioo cha simu ni kidogo na macho huchoka. Soma sehemu fupi, zima simu, andika daftarini ulichoelewa kwa maneno yako. Kurasa utakazozirudia mara kwa mara, kama vile kanuni za hesabu, zichapishe kwenye saiba. Si lazima uchapishe kitabu kizima.

Nyenzo za bure zipo

Baadhi ya vitabu hutolewa bure na kihalali. Leseni za Creative Commons humruhusu msomaji kutumia na kusambaza kazi kwa masharti ambayo mwandishi mwenyewe ameyaweka. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani hutoa vitabu vya vyuo vya hesabu, baiolojia, uchumi na masomo mengine ambavyo unaweza kupakua bila malipo. Vingi viko kwa Kiingereza, na mifano yake ni ya huko, hivyo vitumie pamoja na maelezo ya mkufunzi wako.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba maktaba za vyuo vikuu nchini hulipia majarida na vitabu vya mtandaoni kwa niaba ya wanafunzi wao. Muulize mkutubi jinsi ya kuvifikia ukiwa nyumbani. Ni sehemu ya karo uliyokwisha kulipa.

Kwa wakufunzi

Wakufunzi, pamoja na wale wa vituo vya mafunzo ya ufundi vinavyosimamiwa na serikali za kaunti, wanaweza kupunguza mzigo huu sana. Chapa maelezo badala ya kuyapiga picha. Gawanya video ya saa moja iwe vipande vya dakika kumi, na kila kipande kiambatane na muhtasari wa maandishi. Maandishi yaliyochapwa yana faida nyingine kubwa: simu inaweza kumsomea kwa sauti mwanafunzi asiyeona. Ukurasa uliopigwa picha mara nyingi humwacha nje ya darasa.

Zoezi la nyumbani

Kabla ya muhula ujao, mzazi na mwanafunzi keti pamoja na daftari. Chora safu mbili. Upande mmoja andika gharama za kusoma ukiwa chuoni: karo, chumba, chakula na nauli. Upande wa pili andika gharama za kusoma mtandaoni: karo, simu au tarakilishi, bando la muhula kwa hesabu tuliyoonyesha, uchapishaji, na nauli ya siku za vitendo. Chini yake andika majibu ya maswali matano.

Kama chuo hakikujibu swali la pili, yaani kama hujui masomo yatabaki nawe mtandao ukikatika, usilipe bado. Piga simu tena mpaka ujibiwe.