Zana za Zimamoto: Ipi Tujitengenezee, Ipi Tununue?

Wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa shule za bweni, na hizo shule zina historia nzito na moto. Mwaka 1994 bweni la Shauritanga, Kilimanjaro, liliungua na kuua wasichana wapatao 40. Agosti 2009 wakafa wasichana 12 Idodi, Iringa; mshumaa ndio uliotajwa kuwa chanzo. Septemba 2020 wakafa wanafunzi 10 shule ya msingi Byamungu, Kyerwa. Kwa hiyo swali la leo sio la mafundi peke yao.

Shule ikiwa haina hela, kila mtu ana ushauri wake. Mmoja anasema tujitengenezee kila kitu, mwingine anasema bila mtungi wa dukani hamna kitu. Mimi naona kuna kipimo rahisi: kama kifaa hakibebi presha, jitengenezee. Kama kinabeba presha, nunua.

Kwa nini presha?

Tairi la gari dogo hujazwa kiasi cha bar 2 hivi. Mtungi wa poda unakaa kwenye bar 14 au 15. Ule wa kabonidayoksaidi, kwenye joto la kawaida, unafika kama bar 55. Sasa fikiria fundi wa mtaani amechomelea kopo, akalijaza upepo kwa kompresa ya matairi, halafu umelikumbatia.

Kuna mtu atakwambia: changanya siki na magadi ya kuokea, gesi itatoka. Kweli itatoka, na darasani ni jaribio zuri la kemia. Lakini ukiifungia ndani ya chombo huna wa kukuambia presha imefika wapi. Hata viwanda viliwahi kutengeneza mitungi ya magadi na asidi. Baadhi ilipasuka mikononi mwa watumiaji, na Marekani iliacha kuitengeneza mwaka 1969.

Tuchukue mfano wa Mbwawa

Mbwawa, upande wa Kibaha mkoani Pwani, ni sehemu ya mashamba, mikorosho na nyasi. Kiangazi mtu akisafisha shamba kwa moto, upepo ukigeuka, moto unaelekea kwenye nyumba. Piga 114 mara moja, ni namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ila gari linahitaji muda kufika, na nyasi kavu hazisubiri. Hapo zana za kujitengenezea zina kazi kweli:

1. Mpini wa kupigia moto. Kata mti mbichi wa mita 1.5 hadi 2, funga kwa bolti kipande cha mpira wa tairi kuukuu, upana kama daftari kubwa. Usiupige kama unaua nyoka, cheche zitaruka. Gandamiza, buruta kuelekea palipokwisha kuungua.

2. Ndoo za mchanga. Mchanga uwe mkavu na umechekechwa. Weka mfuniko, la sivyo zitageuka majalala.

3. Njia ya kuzuia moto. Jembe na fyekeo tu. Ondoa nyasi zote mpaka udongo uonekane, kabla ya kiangazi.

Bomba la mgongoni la kupulizia dawa nalo linaweza kuazimwa kulowanisha nyasi, mradi limeoshwa vizuri. Ila mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho usiisogeze: salfa yenyewe inawaka.

Pa kununua, nunua

Jikoni, maabara na kwenye umeme, ndoo ya maji ni hatari. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke inakuwa karibu lita 1,700, ndio maana mafuta ya kukaangia yakimwagiwa maji yanalipuka hadi darini. Sufuria ikiwaka, funika, zima jiko, usiibebe. Kwenye umeme, zima swichi kuu kwanza, halafu tumia mtungi wa poda au wa kabonidayoksaidi.

Lakini kununua sio mwisho. Angalia mshale wa mtungi wa poda uwe kwenye kijani, pini na lakiri zipo, na tarehe ya ukaguzi haijapita mwaka. Poda ikikaa sana inaganda. Halafu jifunze maneno manne: vuta pini, elekeza chini ya moto, bana, fagia kushoto na kulia. Mtungi wa kilo 6 unaisha ndani ya sekunde 20 hivi, kwa hiyo hakuna muda wa kusoma maelekezo. Na mlango uwe nyuma yako.

Zoezi la kufanya ukifika shule ya mazoezi

a) Mitungi ni mingapi, na mishale inasoma wapi?
b) Usiku, ufunguo wa bweni anakaa nao nani, na yuko umbali gani?
c) Wanafunzi wako wanaweza kutengeneza zana ipi kati ya hizi kwa wiki moja?

Swali la (b) lianze. Hakuna zana, ya kununua wala ya kutengeneza, inayofungua mlango uliopigwa kufuli kwa nje.