Somo: Kusoma Ramani ya Mtaa
Ndugu wanakikundi, jina Kibera limetoka kwa Wanubi: Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga hapo ekari 4,197 kwa ajili ya askari Wanubi. Miti ikaisha, mabati yakajaa, lakini kwenye ramani nyingi watu hawakuonekana. Sasa, pasipo na watu, nani ataleta bomba? Na tingatinga likija, mtaonyesha nini?

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka na vyombo vya jipiesi, wakachora sehemu za maji, vyoo, shule na kliniki.

Nanyi wa Kawangware, mkipata ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Kichochoro chenu hakimo! Kitembeeni, mhesabu hatua, mkichore wenyewe.